Tumbo Ni Jiko

Embe likiwa tayari mtini, tunasema limeiva. Wali ukiwa tayari sufuriani, nao umeiva. Kitenzi kimoja kinatosha kwa kazi ya jua na kazi ya moto. Kinyume chake pia ni kimoja: embe bichi, nyama mbichi.

Kisanskriti, lugha ya vitabu vya kale vya Ayurveda, kina mpango huo huo. "Pakva" ni kilichoiva, kiwe tunda au mchuzi. "Ama" ni kibichi. Lakini mzizi wa pakva unaenda hatua moja mbele yetu: unataja pia kazi ya tumbo chakula kikishamezwa. Sisi tunasema chakula kinasagwa, kana kwamba ndani kuna kinu. Waganga wa kale wa India walisema kinapikwa.

Chukua Charaka Samhita, kitabu cha tiba cha takriban miaka 2,000 iliyopita. Humo tumbo lina moto wake, agni. Chakula hupikwa mara mbili: jikoni, halafu tumboni. Moto wa ndani ukiwa hafifu, chakula kinabaki kibichi hata kama ulikichemsha kutwa nzima. Mabaki hayo yanaitwa ama, neno lile lile la ubichi, na ndiyo yaliyolaumiwa kwa maradhi mengi. Kwa hivyo walipenda chakula kilichopikwa, kikiwa bado moto. Jiko la nje linapunguzia la ndani kazi.

Lakini usidhani walipiga marufuku vibichi. Figili changa, wanasema, haina neno. Ikikomaa, ikiliwa mbichi inavuruga mwili; ikipikwa kwa mafuta inatulia. Na Bhavaprakasha, kitabu cha karne ya 16, kinashauri tangawizi mbichi na chumvi kabla ya kula, ili kuamsha moto.

Ninachopenda zaidi ni jinsi walivyomwangalia mtu kwanza, sahani baadaye. Charaka anataja moto wa aina nne: uliotulia, mkali, mzembe, na ule wa kubadilikabadilika. Mgonjwa aliyetoka kutapishwa au kuharishwa kwa dawa alianza na uji mwepesi wa mchele, kisha mzito, ndipo supu ya nyama. Sababu? Moto mdogo huwashwa kwa nyasi na mavi makavu ya ng'ombe, polepole, hadi ushike. Yeyote aliyewahi kurundika makaa kwa jiko ambalo halijashika anaelewa hapo bila mwalimu.

Sasa, moto wenyewe upo? Mwaka 1822, huko Mackinac, Marekani, kijana Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tumbo lake likabaki na tundu. Daktari wa jeshi, William Beaumont, akaanza kuteremsha chakula humo kwa uzi wa hariri na kukivuta nje kuona kilikofikia. Alikuta maji makali yenye asidi. Makaa hakuna.

Lakini angalia jaribio lake la Agosti 1825. Kwenye uzi mmoja alifunga, pamoja na vingine, mkate, kabeji mbichi, nyama ya ng'ombe iliyochemshwa na nyingine mbichi. Baada ya masaa mawili mkate ulikuwa umeisha, kabeji pia, na ile nyama iliyochemshwa. Nyama mbichi ilikuwa bado inaning'inia, karibu vile ilivyoingia. Yaani kupika kulisaidia nyama, na kabeji haikuhitaji msaada. Waganga wa figili wasingeshangaa.

Ndiyo maana nasita nikiona juisi za mboga mbichi zikiuzwa mtandaoni kama "siri ya Ayurveda" ya kusafisha mwili, ati unywe hizo tu siku kadhaa. Kazi ya kusafisha inafanywa na ini na figo, bila kukutoza shilingi. Na vitabu vyenyewe vingeanza na uji. Kupika kunapunguza vitamini C, ni kweli. Lakini maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayokutapisha, na kinachoiondoa ni kuchemsha vizuri. Kwa hivyo mtu akikuambia kibichi ndicho safi daima, au kilichopikwa ndicho salama daima, muulize swali la Charaka: chakula gani, na kwa tumbo la nani?