Wafua Chuma katika Nchi ya Dhahabu: Uhunzi wa Geita na Shinyanga na Maneno Yake

Sifa za wafua madini aghalabu hupimwa kwa fedha na dhahabu. Nakhon Si Thammarat, mji wa kusini mwa Thailand, umesifika kwa vyombo vya fedha vilivyonakshiwa, ambavyo mifereji ya nakshi zake hujazwa mchanganyiko mweusi wa fedha, shaba, risasi na salfa. Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo ina masonara wa Lamu na Unguja, wafuao vikuku na vipini vya majambia. Mwenye kukichukua kipimo hicho mpaka Shinyanga na Geita huenda akadhani kuwa huko habari za madini zaanza na wageni waliokuja kutafuta dhahabu. Dhana hiyo yakanushwa na mavi ya chuma yaliyozagaa ardhini, na yakanushwa pia na lugha ya mafundi.

Kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria ipo nchi ya Uzinza, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Mkoa wa Geita. Huko ndiko walikofanya kazi Warongo, ambao kwa matamshi ya Kisukuma huitwa Balongo. Lugha yao huhesabiwa kuwa lahaja ya Kizinza. Peter Schmidt, katika uchunguzi alioutangaza mwaka 1996, aliwaeleza kama chama cha kazi cha wayeyusha chuma, na kwa hiyo jina lao lataja ufundi zaidi ya ukoo. Alieleza pia kuwa tanuri kwao lilifananishwa na mwili wa mwanamke, na kuyeyusha chuma kulifananishwa na uzazi. Ndiyo sababu kazi hiyo ilizungukwa na miiko. Mawe ya chuma yalichomwa kwa makaa ya miti, mivukuto ikipuliza moto bila kukoma, hata likapatikana bonge la chuma. Bonge hilo lilipigwa na kupashwa moto tena na tena mpaka taka zikatoka.

Kazi kubwa ya chuma hicho ilikuwa jembe. Katika Usukuma na Unyamwezi jembe lilikuwa chombo cha kulimia, na pia lilikuwa mali ya kubadilishana bidhaa na ya kulipia mahari. Franz Stuhlmann, aliyesafiri na Emin Pasha mwaka 1890, alikadiria kuwa majembe 150,000 yaliuzwa kila mwaka katika soko la Tabora. Hata kama kadirio hilo lapita kiasi, laonyesha kuwa uhunzi haukuwa kazi ya pembeni. Kilimo cha nchi nzima kilitegemea mikono ya mafundi hao.

Mapambo nayo hayakukosekana. Pamoja na shanga na nguo, misafara ya karne ya 19 ilipeleka bara masango, yaani waya nene za shaba. Humo njiani na vijijini waya hizo ziligeuka vitu vingine. Ziliposokotwa kuuzunguka mkono zilikuwa vitindi. Zilipofanywa nyembamba zilikuwa udodi, wa kuvaliwa au kuzungushiwa bakora na vipini vya visu. Speke, aliyepita Uzinza mwaka 1861, aliandika habari za sambo, pete nyembamba za waya zilizovaliwa miguuni kwa wingi. Hivyo ile iliyoitwa bidhaa ya pwani ilikuwa mali ghafi tu mbele ya fundi wa bara.

Ushahidi wa maneno wastahili kutazamwa kwa makini. Dhahabu na fedha ni maneno yaliyotoka Kiarabu, na sonara latoka lugha za Bara Hindi. Jembe, kwa upande wake, ni igembe kwa Kisukuma, na nyundo ni ennyondo kwa Kiganda. Hayo ni maneno ya Kibantu cha kale. Neno la kukopa peke yake halithibitishi kuwa kitu chenyewe hakikujulikana. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala karne nyingi zilizopita, nayo yaliita madini hayo kwa jina la Kiarabu. Lakini lipo jambo la kuzingatiwa zaidi. Kiswahili kiliazima majina ya madini hayo, ila kitenzi cha kazi hakikuazimwa. Mfua fedha na mfua dhahabu wamepewa kitenzi kile kile cha mfua chuma. Mgeni alipokelewa katika nyumba iliyokwisha kujengwa na wahunzi.

Nyumba hiyo ilidhoofika hatua kwa hatua. Majembe ya viwandani yaliletwa kutoka Ulaya, na chuma chakavu kikawaondolea wahunzi haja ya kuyeyusha mawe. Reli ya kutoka Tabora, ikipita Shinyanga, ilifika Mwanza mwaka 1928. Mwaka 1970 kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilianza kutoa majembe ya hapa nchini. Wakati huohuo sifa ya Geita ilihamia kwenye dhahabu: mgodi wa zamani ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2000, na soko la dhahabu mwaka 2019. Wahunzi waliosalia hufua zaidi chuma cha magari mabovu.

Kufua kungaliko, lakini kuyeyusha kumekoma, na msamiati wa kuyeyusha waweza kupotea pamoja na wazee waliousikia. Majina ya sehemu za tanuri, ya miti iliyofaa kwa makaa, ya aina za mawe ya chuma, na ya kila hatua tangu bonge hadi jembe, yafaa yakusanywe kwa Kizinza, Kirongo na Kisukuma, kila neno likiandikwa pamoja na maelezo ya kazi yake. Kamusi zinapotafuta istilahi za madini huanza kutazama ng'ambo. Hazina budi kwanza kuuliza kwenye kiwanda cha mhunzi.