Unaanza Kihispania? Usikate tamaa, zoeza sikio

Neno unalijua likiandikwa, likitamkwa linakupita? Tatizo si sikio bovu. Wazungumzaji huunganisha maneno: "los amigos" husikika "losamigos". Herufi "h" nayo haitamkwi, "hola" ni "ola". Nafuu ipo: irabu ni tano, karibu sawa na za Kiswahili.

Jaribu hivi kila siku:

1. Chagua sauti ya dakika moja yenye maandishi yake.
2. Sikiliza mara mbili bila kusoma.
3. Sikiliza ukisoma, weka alama maneno yaliyokupita.
4. Funga maandishi, sikiliza tena ukirudia kwa sauti.

Anza na lafudhi moja tu. Cuba, kwa mfano, "s" ya mwisho hufifia, "gracias" ikasikika kama "gracia". Ukichanganya mapema, utachanganyikiwa bure.