Siku Moja Ujiji

Nyumbani kwetu Maskati, Ujiji lilikuwa jina la fahari: ndiko babu yake baba alikokwenda kununua pembe. Safari hii mimi na mke wangu tulikwenda kuuona mji wenyewe.

Tulitoka Kigoma asubuhi, mwendo wa kilomita chache tu. Kigoma ndiyo iliyoupokonya Ujiji ukubwa wake, reli ya Wajerumani ilipofika huko mwaka 1914. Kabla ya hapo, misafara ya Bagamoyo ilitembea zaidi ya kilomita 1,000 hadi ufukwe huu. Burton na Speke waliifuata njia hiyo, wakafika hapa mwaka 1858. Mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone hapa, na mnara wa kumbukumbu umesimama penye miembe.

Adhuhuri tulikula migebuka. Jioni tulikaa ufukweni tukiitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Nyuma yake ndiko Manyema, walikotekwa watu wengi, wakavushwa ziwa, wakapelekwa pwani pamoja na pembe.

Mke wangu akaniuliza, "Na yule bibi yenu Mmanyema, alifikaje kwa babu?"

Nikanyamaza. Nasaba yetu iliyoandikwa inataja wanaume watupu. Bibi yule hana hata jina, ilhali sote tumetoka tumboni mwake.

Jamaa zangu, aliye na mzee hai na amuulize jina hilo leo. Tukijivunia pembe za Ujiji, tusiwafiche watu waliouzwa pamoja nazo. Wao pia ni wazee wetu.