Ripoti Zisizosomwa: Mkutano Mkuu wa Taifa wa Zaire na Suala la Mali ya Umma

1. Utangulizi

Suala la mali ya umma lina maswali matatu: nani hukusanya fedha za nchi, nani huzitumia, na nani ana haki ya kuuliza zilikokwenda. Katika Kongo, iliyoitwa Zaire tangu mwaka 1971 hadi 1997, swali la tatu ndilo lililowagharimu watu zaidi. Tarehe 7 Agosti 1991 ulifunguliwa mjini Kinshasa Mkutano Mkuu wa Taifa, ambao wananchi wengi waliuita kwa jina lake la Kifaransa, Conférence Nationale. Wajumbe wake, karibu 2,850, walitoka katika vyama vya siasa, taasisi za serikali na jumuiya za raia. Walikusudia kuandika upya utaratibu wa utawala. Lakini kazi hiyo haikuwezekana bila kueleza kwanza jinsi utaratibu wa zamani ulivyoila mali ya nchi. Makala haya yanachunguza jinsi suala hilo lilivyofikishwa mbele ya taifa, jinsi lilivyokwama, na yale ambayo kukwama huko kunafundisha.

2. Mizizi ya tatizo

Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwanzoni mwa mwaka 1967 serikali yake iliitaifisha mali ya kampuni ya shaba, Union Minière du Haut-Katanga, ambayo baadaye ilizaa Gécamines. Mwaka huohuo ilianzishwa sarafu mpya, zaire, ambayo moja yake ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Fedha zilikuwapo, na matumaini pia.

Tarehe 30 Novemba 1973 ilitangazwa siasa ya kuwanyang'anya wageni maduka, mashamba na viwanda vidogo na kuwapa wananchi. Kwa maneno, ilikuwa haki kwa mwananchi. Kwa matendo, waliogawiwa zaidi walikuwa wakubwa wa chama, jamaa zao na rafiki zao. Wengi wao waliuza bidhaa walizozikuta rafuni wala hawakununua nyingine. Muda mfupi baadaye bei ya shaba ilianguka katika soko la dunia, na madeni ya nchi yakazidi kulemea. Hata hivyo, mgawanyo ule ulikuwa umekwisha kufunza somo lake: mali haitokani na kazi, hutokana na kuwa karibu na mkubwa.

Hapo ndipo mshahara ulipoanza kupoteza maana. Askari, mwalimu na karani walilipwa kiasi kisichotosha chakula cha wiki moja, au hawakulipwa kabisa. Kila mmoja alilazimika kugeuza kiti chake kuwa shamba. Karani alidai malipo kwa muhuri, askari kwa kizuizi cha barabarani, na sehemu ya alichokipata ilipanda kwa mkuu wake, naye mkuu kwa mkuu wake. Kwa hiyo rushwa ya chini haikuwa dosari ya mfumo. Ilikuwa ndiyo mshahara ambao mfumo uliwaachia raia kuulipa.

Lugha nayo ilichukua alama ya hali hiyo. Katika Kiswahili cha Shaba lilitumika neno matabishi, lenye sura ya zawadi ndogo ya kumshukuru mtu. Mjini Kinshasa watu walisema kwa Kilingala madesu ya bana, yaani maharagwe ya watoto. Maneno yote mawili yana upole, kwani mtoaji na mpokeaji walijua kwamba nyumbani kuna watoto wenye njaa. Lakini watu walewale, walipowasema wakubwa, waliliacha neno la upole na kutumia kitenzi kimoja tu: wanakula. Na methali ya mbuzi alaye kwa urefu wa kamba yake ilibainisha tofauti iliyopo: kamba ya karani iliishia mezani pake, kamba ya mkubwa ilifika hadi Benki ya Zaire.

3. Waliouliza kabla ya wakati wao

Si kweli kwamba raia walinyamaza hadi mwaka 1990. Mwaka 1976 Askofu Mkuu Kabanga wa Lubumbashi alitoa barua ya kichungaji iliyoshutumu tamaa ya fedha na dhuluma katika ofisi za umma. Tarehe 25 Novemba 1977 Mobutu mwenyewe alihutubia juu ya ugonjwa wa Zaire, akataja hongo na wizi kama dalili zake. Hotuba ilieleza ugonjwa vizuri, lakini mgonjwa ndiye aliyejiteua kuwa mganga.

Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimleta Erwin Blumenthal, mtaalamu wa benki kutoka Ujerumani, ashike usukani katika Benki ya Zaire. Alijaribu kuyafungia makampuni ya vigogo mlango wa fedha za kigeni. Aliondoka mwaka uliofuata, na mwaka 1982 aliandika ripoti iliyoeleza kwamba wadai wa nchi wasitegemee kulipwa, kwa sababu ya ufisadi wa wakuu. Hata baada ya onyo hilo, mikopo kutoka nje iliendelea kuja. Katika siku zile za uhasama wa Magharibi na Mashariki, mataifa yaliyomtegemea Mobutu yalithamini zaidi utii wake kuliko hesabu zake.

Ndani ya nchi, wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria waliochaguliwa mwaka 1977 walianza kuwaita mawaziri na wakurugenzi wa mashirika ya umma na kuwahoji hadharani. Watu walifurahi, na kwa sababu hiyohiyo utaratibu ule ulibanwa mwaka 1980. Mwishoni mwa mwaka huo wajumbe 13 walimwandikia Rais barua ndefu ya wazi. Walivuliwa viti vyao na kuadhibiwa. Na kutokana na kundi lao kilizaliwa chama cha UDPS mwaka 1982.

4. Mkutano na ukimya wake

Mwanzoni mwa mwaka 1990 Mobutu aliwaalika wananchi watoe maoni yao juu ya utawala, na maandiko zaidi ya 6,000 yakapokewa. Tarehe 24 Aprili 1990 alitangaza mwisho wa chama kimoja. Kabla ya wiki tatu kwisha, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa katika mabweni yao, na baadhi wakauawa. Idadi ya waliokufa imebaki kuwa jambo la ubishi. Chuo kilitambua mapema kuliko wengine kwamba ahadi ya uhuru na nguvu ya silaha zilikuwa zikitembea njia moja.

Mkutano wenyewe ulipita katika tufani. Septemba 1991 askari wasiolipwa vizuri walipora Kinshasa na miji mingine. Januari 1992 waziri mkuu Nguza Karl-i-Bond aliusimamisha. Tarehe 16 Februari Wakristo waliandamana Kinshasa kudai ufunguliwe. Askari walifyatua risasi, na makumi ya watu waliuawa. Ulifunguliwa tena Aprili, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Laurent Monsengwo Pasinya, ukatangaza kuwa una mamlaka kamili. Tarehe 15 Agosti 1992 wajumbe walimchagua Étienne Tshisekedi, mmoja wa wale 13 wa mwaka 1980, awe waziri mkuu.

Kati ya tume zilizoundwa, mbili zilibeba mzigo mzito kuliko nyingine: ya mali iliyopatikana kwa njia mbaya na ya mauaji ya kisiasa. Kwa mara ya kwanza chombo cha taifa kilikusanya habari juu ya nani alipewa nini, lini, na kwa saini ya nani. Raia waliofuata mijadala kwa redio walizingoja ripoti hizo kuliko nyingine zote. Lakini tarehe 6 Desemba 1992 Mkutano ulifungwa bila ripoti hizo mbili kusomwa na kujadiliwa mbele ya wajumbe wote.

Waliotetea ukimya huo walikuwa na hoja isiyofaa kudharauliwa. Jeshi lilikuwa bado mikononi mwa Mobutu, hazina pia, na kutaja majina kungeweza kuwasha moto. Bora, walisema, kuokoa katiba mpya kuliko kuokoa orodha ya majina. Historia haikuchelewa kuipima hoja hiyo. Serikali ya Tshisekedi ilipoikataa noti mpya ya zaire milioni 5 iliyotolewa na benki kuu, wafanyabiashara nao waliikataa. Askari waliolipwa kwa noti hiyo walitoka mitaani mwishoni mwa Januari 1993, mji ukaporwa, mamia wakafa. Chini ya miezi miwili baada ya ukimya kununuliwa kwa jina la amani, amani haikuwapo. Waziri mkuu alikuwa na kura za wajumbe, lakini hakuwa na ufunguo wa benki.

5. Gharama kwa mwananchi

Oktoba 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufikisha tani 40,000 mwaka 1994. Mwalimu hakuweza kuishi kwa mshahara wake, hivyo wazazi walianza kumlipa wao wenyewe, na mpango uliodhaniwa kuwa wa muda ukadumu zaidi ya miaka 25, hadi elimu bure ya shule za msingi ilipotangazwa mwaka 2019. Katika miaka hiyo yote, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada alikuwa akilipa deni ambalo yeye na wazazi wake hawakulikopa.

Baada ya Mobutu kuanguka Mei 1997, serikali ya Laurent-Désiré Kabila iliunda ofisi ya kurudisha mali iliyopatikana kwa njia mbaya. Wakosoaji waliona kwamba amri ya utawala imechukua nafasi ya hukumu ya mahakama. Uswisi nayo ilizuia sehemu ya fedha za Mobutu. Lakini mwaka 2009, baada ya mahakama kuona kwamba muda wa kushtaki umepita, kiasi cha faranga milioni 7.7 kilirudishwa kwa warithi wake. Kwa upande wa mikataba iliyotiwa saini wakati wa vita, tume ya bunge iliyoongozwa na Christophe Lutundula ilikabidhi ripoti mwaka 2005. Nayo haikujadiliwa katika kikao cha wabunge wote. Miaka 13 ilikuwa imepita, na ukimya ulikuwa uleule.

6. Hitimisho

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliweka jambo jipya. Kifungu cha 99 kinamtaka Rais na mawaziri watangaze kwa maandishi mali yao na ya familia zao mbele ya Mahakama ya Katiba, wanapoingia na wanapotoka madarakani, na asiyetangaza ndani ya siku 30 huhesabiwa kuwa amejiuzulu. Ni hatua kubwa. Lakini kifungu hicho kinasema tangazo litapelekwa kwa idara ya kodi, mwananchi hakutajwa.

Hapo ndipo historia ya Mkutano Mkuu inapotoa somo lake. Nchi haikukosa maaskofu wa kukemea, wataalamu wa kuhesabu, wala wabunge wa kuhoji. Ilichokosa ni hatua ya mwisho, yaani kuisoma hesabu mbele ya wenye mali, katika lugha wanayoielewa. Mijadala ya mwaka 1992 ilifanyika zaidi kwa Kifaransa, na mama muuza samaki wa Kalemie aliitegemea tafsiri ya jirani ili ajue jinsi kodi yake ilivyoliwa. Sheria inayotaka kumlinda mama huyo haina budi kumfikia kwa Kiswahili chake. Wizi wa mali ya umma huanza gizani, na ripoti isiyosomwa huwa ni giza jingine, hata kama imeandikwa kwa ukweli mtupu.