Reli na Hatima ya Miji Midogo ya Kati-Magharibi ya Marekani: Mfano wa Illinois

Mwaka 1850 serikali kuu ya Marekani ililipatia jimbo la Illinois ardhi ya umma ili kugharimia ujenzi wa reli. Mwaka uliofuata iliundwa kampuni ya Illinois Central, ikakabidhiwa takribani ekari milioni 2.5. Kampuni hiyo iliwauzia walowezi ardhi, kisha ikasafirisha mazao yao; hivyo, ilinufaika mara mbili kwa kila mji uliochipuka kando ya njia yake. Centralia, ulioanzishwa mwaka 1853, ulipewa jina linalotokana na la kampuni. Urbana, makao makuu ya kaunti, ulipitwa: mwaka 1854 reli ilijengwa takribani maili 2 magharibi yake, na penye stesheni ukazuka mji mwingine, ambao tangu mwaka 1860 unaitwa Champaign.

Utegemezi huo ulizaa manung'uniko ya wakulima dhidi ya gharama za kusafirisha na kuhifadhi nafaka. Mwaka 1877, katika kesi ya Munn dhidi ya Illinois, Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha mamlaka ya jimbo kudhibiti tozo za maghala. Hata hivyo, sheria iliweza kupunguza tozo tu. Miji iliyopitwa na reli ilibaki pale pale. Kwa hiyo, kustawi kwa miji hii hakuelezeki kwa juhudi za walowezi pekee.