Amonaiti, Matumbawe na Gharika: Jinsi ya Kusoma Mawe ya Pwani Yetu

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kanisa Kuu la Kianglikana, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, ni la mawe hayo hayo. Lipu inapobanduka, magamba ya chaza huonekana ndani ya jiwe. Wako wahubiri wanaoyaonyesha magamba ya namna hii na kusema kwamba ndiyo ushahidi wa Gharika ya Nuhu. Hoja hiyo si ngeni. Martin Luther mwenyewe, katika mihadhara yake juu ya kitabu cha Mwanzo (1535–1545), aliihesabu miti iliyogeuka jiwe kuwa masalio ya Gharika. Katika makala haya tunakusudia kuuliza kama mawe ya pwani yetu yanakubali kusomwa hivyo.

Shahidi wetu wa kwanza ni amonaiti. Alikuwa mnyama wa baharini, jamaa ya ngisi na pweza, aliyeishi katika gamba lililojiviringisha kama pembe ya kondoo dume. Jina lake latokana na Amoni, mungu wa Misri anayetajwa katika Yeremia 46:25, ambaye alichorwa akiwa na pembe za namna hiyo. Amonaiti walitoweka duniani yapata miaka milioni 66 iliyopita. Faida yao kwa mtafiti ni mbili: aina zao zilibadilika upesi, na magamba yao yalienea mbali baharini. Kwa hiyo matabaka mawili ya mwamba, hata yakiwa katika nchi mbalimbali, yakiwa na amonaiti wa aina moja huhesabiwa kuwa ya wakati mmoja. Albert Oppel wa Ujerumani aliyapanga matabaka ya zama za Jurasiki kwa njia hiyo kati ya 1856 na 1858. Amonaiti hutoa mfuatano tu. Hesabu ya miaka hutokana na madini yenye mionzi yaliyomo katika majivu ya volkano.

Historia ya elimu hii pwani kwetu inaligusa kanisa. Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg, alifika Unguja Januari 1844, kisha akaenda Mombasa na Rabai. Mwaka 1859 Oscar Fraas, naye wa Württemberg, aliandika taarifa juu ya miamba ya Jurasiki ya pwani ya Afrika Mashariki. Fraas alisoma theolojia na kuwa mchungaji kabla ya kutunza makumbusho ya Stuttgart. Baadaye J. M. Hildebrandt alikusanya amonaiti huko Mombasa, na Ernst Beyrich akawaeleza mjini Berlin mwaka 1877.

Amonaiti hao walifanana na wale wa Kutch, magharibi mwa India, na jamaa zao hupatikana pia Madagaska, ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Maana yake ni kwamba katika zama za Jurasiki, India na Bukini zilipokuwa zikianza kutengana na Afrika, mkono wa bahari uliingia kati kutoka kaskazini na kuziunganisha pwani hizo. Mamilioni ya miaka baadaye, bahari ikiwa pana, majahazi ya Kutch yalileta Unguja wafanyabiashara kama Tharia Topan.

Huko Tendaguru, mkoani Lindi, matabaka ya bahari yamepishana na yale yenye mifupa ya dinosaria. Eberhard Fraas, mwana wa Oscar, alifika huko mwaka 1907, na wataalamu wa Berlin wakachimba kuanzia 1909 hadi 1913. Amonaiti wa matabaka hayo ya bahari wamesaidia kuonyesha kwamba mifupa ile ni ya mwisho wa Jurasiki, yapata miaka milioni 150 iliyopita.

Je, Unguja? Ripoti ya G. M. Stockley ya mwaka 1928 inaonyesha kwamba miamba ya juu ya kisiwa ni ya Miosini na baadaye, yaani iliwekwa amonaiti wakiwa wamekwisha kutoweka zamani. Mkondo kati ya kisiwa na bara hauna kina kirefu. Yapata miaka 20,000 iliyopita bahari ilishuka kama mita 120, na Unguja ikawa sehemu ya bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, imepatikana mifupa ya pundamilia waliokuja kwa miguu.

Hapa ndipo jibu letu lilipo. Kama maji ya mwaka mmoja ndiyo yaliyoyaweka mawe haya yote, tungetazamia amonaiti wa Mombasa wachanganyike na chaza wa Unguja. Hawakuchanganyika. Kila tabaka limetunza viumbe wake, kwa mfuatano ule ule, toka Lindi hata Kutch.

Jambo hili halilifungi kinywa somo la Gharika. Somo hilo lanena juu ya hukumu, rehema na agano, na halikuwahi kuomba dhamana ya gamba la chaza. Lakini mhubiri akiitundika imani ya kijana wa sekondari juu ya gamba hilo, siku kijana atakapofundishwa jiolojia gamba litaanguka, na kijana ataona kwamba imani imeanguka nalo. Tuwafundishe wanafunzi wetu kuyasoma mawe kwa uaminifu ule ule tunaowadai katika kusoma Kiebrania na Kiyunani.