Vipimo Vilivyomkosesha Belaïli Fainali ya Samatta

Feri, Dar es Salaam, mnada wa samaki ukishapoa, ubishi wa Simba na Yanga ndio hushika nafasi. Humo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015 haikosi wa kuitaja, kwa sababu Mbwana Samatta, aliyetoka Simba kwenda TP Mazembe, alifunga Algiers tarehe 31 Oktoba, timu yake ikashinda 2-1, kisha akafunga tena Lubumbashi tarehe 8 Novemba, wakashinda 2-0. Ni nadra kumsikia mtu akimtaja aliyekosekana upande wa pili. Youcef Belaïli, winga hodari wa USM Alger, alikuwa amefungiwa. Mkojo wake, uliochukuliwa kwenye mechi ya mashindano hayohayo mwezi Agosti, ulikutwa na kokeini.

FIFA ilianza kuwapima wachezaji dawa zilizokatazwa kwenye Kombe la Dunia la 1966 kule Uingereza. Wa kwanza kunaswa kwenye Kombe la Dunia alikuwa Ernst Jean-Joseph wa Haiti, mwaka 1974, fainali zilezile ambazo Zaire ilikwenda kuiwakilisha Afrika. Alijitetea kwamba alikuwa anatibu pumu. Maradona naye alinaswa 1994 kwa ephedrine. Lakini kwa miaka mingi kila mchezo ulikuwa na utaratibu wake, hadi kashfa ya dawa kwenye mbio za baiskeli za Ufaransa za 1998 ilipozaa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, mwaka uliofuata. Kanuni moja ya dunia ilianza kutumika 2004, na FIFA ikaikubali mwaka huohuo.

Kwenye mechi zenye vipimo, majina huchaguliwa kwa kura, kwa kawaida wawili kila timu. Mchezaji aliyeangukiwa na kura hana ruhusa ya kwenda kwanza kuoga au kushangilia na wenzake. Mtu maalumu humpokea mlangoni na kuwa naye bega kwa bega hadi chumba cha vipimo. Pale anatakiwa kutoa mililita 90 za mkojo mbele ya shahidi wa jinsia yake, na mwili uliokaushwa na dakika 90 za kukimbia unaweza kumweka humo hadi wenzake wamepanda basi. Anachagua chupa mwenyewe, anaugawa mkojo kwenye chupa A na chupa B, anazifunga kwa mkono wake. Kinachokwenda maabara ni namba, bila jina. A ikikutwa na dawa, ana haki ya kudai B ifunguliwe.

Utaratibu huo ni wa haki. Ugumu uko kwenye msingi wa kanuni yenyewe, unaosema kinachokutwa mwilini mwa mchezaji ni mzigo wake, awe alijua au hakujua. Kolo Touré alifungiwa miezi 6 mwaka 2011 kwa vidonge vya mkewe vya kupunguza uzito. Miaka 10 baadaye ikawa zamu ya André Onana wa Kamerun, aliyemeza dawa ya mkewe akidhani ni ya kichwa. UEFA ilimpa miezi 12, mahakama ya michezo ikashusha hadi 9. Kama hayo yaliwapata watu wenye madaktari wa Manchester City na Ajax, yule kijana anayeingia duka la dawa Kariakoo kutafuta kitu cha mafua au cha goti yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Ephedrine huweza kuwamo kwenye dawa za kikohozi. Tramadol, ambayo wengi huichukulia kama kituliza maumivu tu, imepigwa marufuku kwa mechi tangu 1 Januari 2024, na marufuku hiyo huanza saa 5 na dakika 59 usiku wa kuamkia mchezo. Mirungi nayo ina kemikali iliyomo kwenye orodha ya marufuku.

Sisemi haya kuwatisha wachezaji. Nasema kwa kuwa timu za Kariakoo sasa zinafika kule ambako chupa hizo zinasubiri. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, dhidi ya USM Alger hiyohiyo, na Simba ikacheza yake 2025 dhidi ya Berkane. Elimu ya vipimo haifai kungojea fainali. Inapaswa kuanzia timu za vijana.

Kanuni nayo imejifunza. Belaïli alikaa nje hadi 2017. Tangu 2021, mchezaji aliyekutwa na kokeini, bangi au heroini, akithibitisha kwamba alitumia nje ya mashindano na si kwa ajili ya kuongeza uwezo uwanjani, hufungiwa miezi 3, na akikamilisha matibabu yanayokubalika adhabu huweza kushuka hadi mwezi 1. Kwa jiji letu, ambalo unga umechukua vijana wengi, hatua hiyo ni kubwa. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwatibu watumiaji wa heroini kwa methadone mwaka 2011. Ila methadone yenyewe ni marufuku siku ya mechi, kwa hiyo mchezaji anayeinywa kwa cheti cha daktari anahitaji kibali cha matibabu kabla ya kurudi uwanjani, na lazima pawe na mtu klabuni anayejua kibali hicho huombwa vipi.